Herlinde wa Mhunzi

Kwa miaka thelathini na mitano Herlinde aligawa barua katika kijiji cha Gurtina, na katika miaka yote hiyo hakurudisha posta hata barua moja kwa sababu ya anwani mbovu. Si kazi ndogo. Nusu ya kijiji wanaitwa Beck, nusu ya pili wanaitwa Schädler, na waliobaki wameoana na hao. Kuna wakati Gurtina ilikuwa na akina Josef Beck tisa walio hai, wawili kati yao wakiishi mlango kwa mlango na hawasalimiani. Ukiandika "Josef Beck, Gurtina" juu ya bahasha, umeandika sawa na kutoandika kitu.

Ndiyo maana watu wana majina ya nyumba. Kuna wa Kisimani, wa Mpakani, wa Juu-Mwisho, wa Mshona Viatu. Herlinde mwenyewe alizaliwa katika nyumba ya Mhunzi, ingawa mhunzi wa mwisho alikufa kabla babu yake hajaota meno, na tangu hapo hakuna mtu wa nyumba ile aliyeshika nyundo isipokuwa kutundika picha. Mjomba fulani aliyehamia Marekani aliwahi kuandika "Kwa Mhunzi, kule milimani" na jina la nchi tu. Barua ilifika. Makarani wa bondeni waliigeuza mara mbili tatu, wakaitupa katika mfuko wa Herlinde, naye akaipandisha mlimani kama zilivyo nyingine zote.

Alipoolewa na Arno, jina likabadilika. Akawa Herlinde wa Darajani, maana nyumba ya kina Arno ilikuwa karibu na daraja lililozolewa na mafuriko zamani sana. Kijiji kizima kilimwita hivyo kuanzia Jumatatu baada ya harusi, bila mtu kutangaza. Kijiji kizima isipokuwa mama yake. Kreszenz, hata akimpigia simu daktari wa meno, alisema, "Nataka nafasi kwa ajili ya Herlinde wa Mhunzi," na daktari mwenyewe aliyekuwa mtu wa mbali akabaki anatafuta kwenye kompyuta yake.

"Miaka thelathini na sita," Arno alizoea kusema, "na mama mkwe bado anadhani umekuja kwangu likizo."

Tatizo halikuwa Arno. Arno ni mpole, fundi wa mabomba, anayeimba akiwa chini ya sinki la mtu. Tatizo lilikuwa rangi ya chama. Nchi yenyewe ni ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya mwanzo wake, mwisho wake wanakutakia afya, lakini haikosi chama cheusi na chama chekundu, na hakuna anayesomea tofauti yake. Unazaliwa nayo kama unavyozaliwa na pua. Nyumba ya Mhunzi ni ya chama cheusi. Darajani ni wekundu mpaka mbwa wao. Siku ya harusi, Quido, baba yake Herlinde, aliyekuwa diwani wa chama cheusi kwa miaka kumi na sita, alimshika Arno mkono akamwambia mbele za watu, "Binti nimekupa. Kura yake nimekuazima tu." Watu walicheka. Quido hakucheka.

Baadaye Quido alikufa, Kreszenz akabaki peke yake katika ile nyumba ya juu, na Herlinde akawa anapanda kila asubuhi kunywa naye kahawa na kula *ribel*, ule unga wa mahindi uliopikwa ukakaangwa mpaka ukawa chenga chenga, na matufaha ya kupondwa pembeni. Walizungumza habari za magoti, za theluji, za nani amekufa. Siasa haikuingia jikoni mle. Ilisimama nje pamoja na viatu.

Sasa mwaka aliostaafu posta, wazee watatu wa chama chekundu walimjia nyumbani, wakakaa kwenye benchi moja kama watu wanaosubiri kung'olewa meno, wakamwomba agombee umeya. Mwanamke hakuwahi kuwa meya wa Gurtina. Walijua kwamba hakuna mlango asioujua wala mbwa asiyemjua. Aliwaambia wamwachie wiki moja.

"Umeya wenyewe sina njaa nao," alimwambia Arno baada ya wazee kuondoka. "Nikiupata nitaufanya, nikiukosa nitalala. Nataka kitu kimoja tu. Nataka Mama anipigie kura."

Arno alitua kikombe. "Mama yako? Akipe kura chama chekundu?"

"Anipe mimi."

"Mke wangu, siku mama yako atakapotia karatasi nyekundu kwenye sanduku, mimi nitaanza kunyonyesha."

Herlinde hakucheka. Alikuwa na umri wa miaka sitini na hakujua bado kama mama yake alishamsamehe kwa kuolewa. Mambo kama hayo hayaulizwi jikoni. Aliona hii ndiyo njia pekee ya kuuliza bila kuuliza, na kwa kweli ilikuwa njia ndefu sana, lakini ndivyo walivyo watu wa Mhunzi.

Asubuhi iliyofuata alipanda akamwambia.

"Mama, nagombea umeya."

Kreszenz alikuwa anakwangua ukoko wa sufuria. "Kwa wale?"

"Kwa wale."

Kijiko kiliendelea kukwangua. "Haya. Kula, inapoa."

Basi. Miezi mitano ikapita na hilo likabaki neno la pekee. Mabango yakabandikwa, Herlinde akasimama ukumbini akaeleza habari za maji na barabara ya juu, akapigiwa makofi, akapanda kila asubuhi kula ribel, na mama yake akamweleza habari za magoti.

Hapa inabidi niseme jambo moja kuhusu Kreszenz, msije mkamdhania ni bibi wa kufuata tu. Katika nchi hii wanaume waliwapa wanawake kura wakiwa wameburutwa, na katika vijiji vingine, Gurtina kikiwamo, walichelewa zaidi ya wengine wote. Wanaume walipopigia kura suala hilo kwa mara ya kwanza, walikataa. Quido naye alikataa, na kwa kuwa alikuwa mkweli kupita kiasi, alirudi nyumbani akasema. Kreszenz hakugombana. Alimpikia wiki tatu bila chumvi. Siku ya ishirini na mbili Quido aliuliza kama chumvi imeisha dukani, naye akajibu, "Sijui. Mimi nitajuaje mambo makubwa kama hayo?" Mara ya pili Quido alikubali. Lakini siku ya kura yake ya kwanza, akiwa na miaka hamsini na zaidi, ni Quido aliyemwonyesha karatasi: "Yetu ni hii." Akaichukua. Akaendelea kuichukua hiyo hiyo kila baada ya miaka minne, hata Quido alipokuwa amebaki picha tu ukutani, juu ya meza.

Watu wengi siku hizi hupiga kura kwa posta. Kreszenz aliiona hiyo kama kuoga bila kuvua nguo. Jumapili ya uchaguzi, mwezi wa tatu, upepo wa joto ukivuma kutoka kusini na kuumiza vichwa vya watu kama kawaida yake, Herlinde alimfuata kwa gari baada ya misa. Kreszenz alivaa koti la maziko. Njiani alizungumzia upepo.

Utaratibu si mgumu. Kuna kura ya baraza na kura ya meya. Kila chama kina karatasi yake ya meya, jina la mgombea limeshachapwa. Unaingia kwenye kituturi, unachukua karatasi moja, unaitia katika bahasha, umemaliza. Usipompenda aliyechapwa, unalikata jina lake kwa kalamu na kuandika la mwingine kwa mkono. Karatasi nyekundu ilikuwa na jina la Herlinde. Nyeusi ilikuwa na jina la Ewald Nägele, mtu wa benki, kijana wa miaka arobaini na minne, mwenye adabu, ambaye ungemtafutia kosa wiki nzima ukarudi mikono mitupu. Ewald alipokuwa na miaka kumi na saba, Herlinde alimletea barua za mapenzi zilizokuja kwa posta na hakumwambia mama yake Ewald. Ewald hakusahau jambo hilo.

Kreszenz aliingia kwenye kituturi akavuta pazia. Kituturi chenyewe kinamtosha mtu mmoja na fimbo yake. Herlinde alibaki mlangoni kwa sababu mgombea hasimami karibu. Dakika tano. Dakika nane. Watu wakaanza kupanga mstari. Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, kubwa, maana Kreszenz hasikii vizuri na anadhani wengine wako hivyo hivyo:

"Kalamu yenu haiandiki!"

Walicheka watu. Gebi, mmoja wa watu watano wa kuhesabu kura, alimpitishia nyingine chini ya pazia. Moyo wa Herlinde ulishtuka. Kalamu ya nini? Anayetia karatasi tu hahitaji kalamu. Halafu akakumbuka: kila uchaguzi mama yake hukata kwenye orodha ya baraza jina la mtu mmoja wa Juu-Mwisho, kwa sababu ya nyasi zilizofyekwa mwaka 1971. Kalamu ni ya huyo. Moyo ukarudi mahali pake.

Kreszenz alitoka, uso umefungwa kama dirisha la majira ya baridi, akatumbukiza bahasha zake.

"Umemaliza, Mama?"

"Nimemaliza. Nipeleke nyumbani, kichwa kinaniuma."

Saa sita mchana sanduku lilifungwa. Saa saba na nusu karatasi ilibandikwa kwenye kioo cha ofisi ya kijiji: Ewald Nägele, kura 412. Herlinde Beck, kura 389. Zilizoharibika, sita.

Aliumia. Tusizunguke. Alikuwa amesema atalala, na bila shaka angelala, lakini aliingia stoo ya chakula, akasimama kati ya viazi na mitungi ya jemu, akalia kidogo huku Arno akijifanya anatengeneza bomba ambalo halikuwa na ubaya wowote. Ishirini na tatu. Na mama yake, kwa hesabu yake yeye, alikuwa katika wale mia nne na kumi na wawili. Hilo ndilo lililomliza. Zile nyingine ishirini na mbili angezimeza.

Kisha akanawa uso akavaa sare. Maana Gurtina, meya mpya akipatikana, bendi ya matarumbeta huenda nyumbani kwake saa tisa mchana kumpigia muziki, na Herlinde ndiye mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa la besi, wa bendi hiyo kwa miaka arobaini. Hakuna mwingine. Wakati wa mazoezi walikuwa wakimtania: "Ukishinda wewe nani atakupigia tuba?" naye akawa anajibu, "Nitajipigia mwenyewe, nyie fuateni." Arno alimwambia, "Si lazima uende. Kila mtu ataelewa."

"Wataelewa, ndiyo," alisema Herlinde. "Halafu watasikiliza muziki wa gwaride bila besi. Nisaidie kifungo hiki."

Walikusanyika kwenye ua wa Ewald. Meza zilikuwa zimewekwa divai na mikate ya jibini, kwa sababu mshindi huwa amejiandaa na mshindwa huwa amejiandaa pia, kisha mmoja anabaki na mikate mingi. Watu walimpa Herlinde mkono, wengine kwa huzuni nyingi mno. Gebi, aliyekuwa mpiga koneti, lile tarumbeta dogo, na mtu wa chama cheusi, mzuri wa roho lakini mdomo wake hauna kizibo, alikuja kusimama karibu naye akijaribu kumchangamsha.

"Dada, usijali. Ungepata mia tatu na tisini kama si yule karani wetu."

"Karani kafanya nini?"

"Kuna kura moja ilitupiganisha robo saa nzima. Karatasi nyeusi, Ewald kakatwa, mstari mzito, umenyooka kama wa rula. Chini yake kaandikwa mtu kwa mkono. Sisi wote wanne tumelisoma tukajua ni nani. Mimi mweusi, nikasema ihesabiwe! Karani akasema, hapana, jina hilo halimo katika daftari. Mtu wa bondeni, unategemea nini? Anatuuliza, 'Huyu Mhunzi ni nani?' Tukamweleza. Akasema sheria haimjui Mhunzi yeyote. Imeharibika. Nasi tukaona tofauti ni ishirini na tatu, ya nini kugombana."

"Mhunzi?" aliuliza Herlinde.

"Ndiyo! 'Herlinde wa Mhunzi.' Nikacheka, nikasema, jamani, miaka yote hii wewe ni wa Darajani, ni nani huyo ambaye bado anamwita..."

Hapo Gebi akang'amua. Alimwangalia Herlinde usoni, kisha akaangalia viatu vyake, kisha koneti yake, kama mtu aliyefungua barua ya mtu mwingine kwa bahati mbaya.

"Sikusema kitu," alisema polepole.

"Hukusema kitu, Gebi."

Mwongozaji aliinua kijiti. Bendi ikaanza. Na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini tuba ilichelewa kuingia, si nusu pigo bali hatua mbili nzima za wimbo, muziki ukiyumba huku kila mtu akimgeukia. Walidhani ni uchungu wa kushindwa. Wakamhurumia tena. Alipoingia, aliingia kwa nguvu kiasi kwamba vioo vya dirisha la Ewald vilitetemeka, na mtoto mchanga wa jirani akaanza kulia. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hakuyafuta, kwa sababu tuba inataka mikono yote miwili.

Ewald alitoa hotuba fupi. Alimshukuru, akamkumbatia pamoja na tuba yake, akamnong'oneza, "Ile barabara ya juu nitaitengeneza kama ulivyosema. Nitakuita."

"Uniite," alisema Herlinde. "Na usimsikilize karani."

Hakusubiri mikate ya jibini. Hakutia hata tuba kwenye sanduku lake. Aliibeba begani akapanda kilima kwa miguu, katika sare, vifungo vya dhahabu vikiwaka, jua la alasiri likiyeyusha theluji ya mwisho pembeni mwa njia. Waliomwona walisema, maskini, amechanganyikiwa.

Kreszenz alikuwa jikoni. Koti la maziko lilikuwa limeshatundikwa. Aliangalia tuba kwanza.

"Hiyo ya nini?"

"Nimetoka kwa Ewald. Tulimpigia."

"Vizuri. Mtu aliyeshinda anapigiwa." Aliweka sufuria motoni, ingawa haikuwa saa ya ribel. "Kwa ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Nyingi."

"Si haba."

Herlinde aliketi. Tuba aliiweka kwenye kiti cha Quido, ikakaa pale kama mgeni mnene. Kreszenz alikoroga muda mrefu akiwa amempa mgongo.

"Ya kwao sikuweza kuichukua," alisema kwa ukuta. "Niliishika. Nikairudisha. Ningekaaje hapa jioni na baba yako ananiangalia? Basi nikachukua yetu. Nikamkata yule mtoto wa watu, hajanikosea kitu, Mungu anisamehe. Nikakuandika wewe."

Herlinde aliuliza, "Uliandikaje, Mama?"

Kreszenz aligeuka, kijiko mkononi, amekasirika kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Nitaandikaje? Niliandika jina lako." Kisha akashusha kijiko. "Mkono wangu siku hizi unatetemeka. Na ile kalamu yao. Sijui kama waliweza kusoma. Ilifika?"

Nje maji ya theluji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye paa. Herlinde aliwafikiria makarani wa bondeni, na bahasha zote walizozigeuza mara mbili tatu kwa miaka thelathini na mitano kabla ya kuzitupa katika mfuko wake.

"Ilifika, Mama," alisema. "Barua ya nyumba hii imewahi kupotea?"

"Haijawahi," Kreszenz alikubali, akamwekea sahani mbele. "Kula, inapoa."